Telekomandi ya treni ndogo: kuitengeneza au kuibadilisha ukiwa Lubumbashi

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, basi si ajabu kukuta juu ya kabati sanduku la treni ndogo lililoletwa zamani na mjomba kutoka Ubelgiji au Marekani. Mara nyingi kichwa cha treni bado kizima. Kilichokufa ni kile kinachoshikwa mkononi. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo watu hupoteza pesa bure, na kwa kifupi pale pasipo na mengi.

Nina kitu mkononi lakini sijui ni cha aina gani. Naanzia wapi?

Angalia namna kinavyozungumza na treni.

Kama waya unatoka ukutani, unaingia kwenye sanduku zito lenye kirungu cha kuzungusha, kisha nyaya mbili zinakwenda kwenye reli, hiyo ni transfoma ya kawaida. Seti za Lima, Jouef, Hornby au Fleischmann hutumia volti 0 hadi 12 za mkondo mnyoofu, kama wa betri. Märklin ya zamani hutumia mkondo geu, kama wa ukutani, lakini ulioshushwa hadi volti 16. Ukichanganya hizo mbili utachoma mota, kwa hiyo hakikisha kabla ya kugusa. Ukiona mstari wa vinundu vidogo vya chuma katikati ya reli, hiyo ni Märklin.

Kama mbele kuna kijicho cheusi cha plastiki kama cha telekomandi ya televisheni, ni ya mwanga usioonekana. Treni za LEGO za kizazi cha Power Functions ni za namna hiyo.

Kama ina antena ya kuvuta na kirungu chekundu, karibu bila shaka ni CAB-1 ya Lionel, kampuni ya treni ndogo ya Marekani. Hiyo ni ya redio, megahezi 27.255, na ishara yake inakwenda kwenye kisanduku cha pili kiitwacho kituo, ambacho ndicho kinachopeleka amri kwenye reli.

Kama ina waya laini wenye plagi ya plastiki inayofanana na ya simu ya mezani, ni ya dijitali. Nyingi kati ya hizo ni za DCC, yaani mfumo wa amri za kidijitali zinazopita kwenye reli, kama Lokmaus 2 na multiMAUS za Roco.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, nipime nini?

Tafuta multimita ya bei ndogo. Hatua ya kwanza ni kugawa tatizo vipande viwili: je, ugonjwa uko mkononi au uko upande wa reli? Weka kichwa cha treni juu ya meza na ukiguse moja kwa moja kwa umeme unaokifaa. Kwa H0 (treni za kipimo cha 1 kwa 87) ya mkondo mnyoofu ya kawaida, isiyo ya dijitali, betri bapa ya volti 9 inatosha kukitikisa. Gusa nguzo mbili za betri kwenye magurudumu ya kulia na ya kushoto. Kikizunguka, kichwa ni kizima. Kisipozunguka, usipoteze siku kwenye telekomandi. Safisha magurudumu, angalia kaboni za mota, tia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, kisha ujaribu tena.

Halafu pima kinachotoka. Transfoma ya mkondo mnyoofu ipande polepole kutoka 0 hadi karibu 12. Usiridhike na kipimo cha hewani, kwa sababu transfoma iliyochoka huonyesha volti 15 ikiwa haina mzigo na kuanguka hadi 5 treni ikianza kuvuta. Unganisha balbu ya pikipiki ya volti 12, wati 10, kisha upime tena. Balbu hiyo inakula ampea 0.8 hivi, zaidi kidogo ya kichwa cha H0 cha kawaida. Volti zikibaki juu ya 10, transfoma bado ina nguvu.

Betri zimevujia ndani na chuma kimekuwa kijani. Imekwisha?

Hapana. Hili ndilo tatizo tunalolipenda, maana linaonekana baya kuliko lilivyo.

Kwanza jua ni betri gani iliyovuja. Betri za alkalini huacha unga mweupe wenye asili ya magadi makali. Huo unauliwa na asidi nyepesi, yaani siki au maji ya ndimu. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni huacha uchafu wenye uasidi. Huo unauliwa na kijiko kimoja cha chai cha magadi ya kuokea ndani ya nusu glasi ya maji. Watu humimina ndimu kwenye kila kitu, kisha wanashangaa kutu inaendelea.

Chovya kijiti cha pamba, sugua, subiri mpaka povu likome. Pitisha kijiti kingine chenye maji safi. Mwisho pitisha spiriti ya asilimia 90 au zaidi ili maji yatoke. Acha wazi usiku mzima. Vaa glavu na usiguse macho. Chemchemi iliyoliwa mpaka ikawa nyeusi ikwangue kwa msasa laini wa namba 400 hadi 600. Ikiwa imekatika, ng'oa nyingine kwenye tochi au redio mbovu na uilehemu mahali pake.

Kisha fuata waya mwekundu na mweusi kuanzia kwenye chemchemi hadi kwenye bodi. Uchafu wa betri hupanda ndani ya ganda la waya bila kuonekana. Ukikwangua ganda ukakuta shaba nyeusi badala ya nyekundu, lehemu haitashika hapo: kata na kuweka waya mpya.

Jambo moja zaidi. Betri za kuchaji hutoa volti 1.2 kila moja, si 1.5. CAB-1 inatumia betri 4 za AA, kwa hiyo zile za kuchaji zinaipa 4.8 badala ya 6. Itawaka, lakini umbali wa redio unapungua na inaanza kuchoka mapema. Ukitaka kuchaji, kubali kusimama karibu na meza.

Vitufe vingine vinakubali, vingine mpaka nibonyeze kwa nguvu zote.

Chini ya kila kitufe cha mpira kuna kidonge cheusi cha kaboni. Kikizeeka, ukinzani wake unapanda kutoka ohm mia chache hadi maelfu mengi, na bodi haioni tena kwamba umebonyeza. Fungua, safisha mpira kwa maji ya sabuni, bodi kwa spiriti, kausha. Nusu ya telekomandi hupona hapo.

Zisizopona, pima kidonge kwa multimita, ncha mbili zikiwa zimeachana milimita 2 hivi. Kikiwa kimepita ohm elfu kadhaa, paka ncha ya penseli laini ya 4B au 6B mpaka king'ae. Hiyo ni dawa ya miezi, si ya miaka. Dawa ya kudumu ni kukata kidonge kizuri kutoka kwenye telekomandi ya televisheni iliyotupwa, kukipunguza kwa wembe kiwe na unene uleule, na kukibandika kwa gundi ya silikoni, tone dogo kama kichwa cha pini. Usitumie gundi ya papo hapo, inakuwa ngumu na kupasuka. Karatasi ya aluminiamu ambayo watu wengine hubandika inafanya kazi vizuri sana wiki ya kwanza, kisha inakwangua njia za kaboni kwenye bodi, na hapo huna tena cha kutengeneza.

Nitajuaje kama telekomandi ya mwanga inatoa mwanga?

Washa kamera ya simu, elekeza kijicho kwenye lenzi, bonyeza. Utaona nukta ya zambarau inapepesa. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, kwa sababu ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachozuia mwanga huo. Ukiona mwanga na treni haiendi, angalia swichi ya njia: Power Functions ina njia 4, na telekomandi na kipokezi lazima viwe kwenye namba moja.

Ndani inakwenda, uani haisikii kabisa.

Jua. Kipokezi kinatafuta mwanga unaopepesa mara 38,000 kwa sekunde, na jua la kiangazi linaufunika kama mtu anayenong'ona karibu na mashine ya kusagia unga. Kivuli, au kibomba kidogo cha karatasi nyeusi kuzunguka jicho la kipokezi, husaidia. Kwa matumizi ya nje, redio ni bora.

CAB-1 yangu inawaka taa nyekundu nikibonyeza, lakini treni haitii, au taa ya kichwa inapepesa na kichwa kinashtuka-shtuka. Je, ninunue telekomandi nyingine?

Ngoja kwanza. Swali hili ndilo linalogharimu watu pesa nyingi kuliko yote, na kosa mara nyingi haliko mkononi.

Tazama kisanduku cha kituo. Kina taa inayomeka kila kinapopokea amri. Bonyeza kitufe chochote ukiiangalia. Isipomeka, tatizo ni redio: betri, antena, au kristali. Ikimeka, telekomandi yako imemaliza kazi yake vizuri na hakuna sababu ya kuinunulia mwenzake. Tatizo liko kati ya kituo na treni.

Kituo hakipeleki amri kwa nyaya mbili. Waya mmoja tu unakwenda kwenye reli ya nje. Nusu ya pili ya ishara, yenye kilohezi 455, inapita kwenye waya wa ardhi wa nyumba, kupitia mguu wa tatu wa plagi. Nyaya za ardhi zilizomo ukutani ndizo antena. Kichwa cha treni kinasikia tofauti kati ya reli iliyo chini yake na hewa iliyo juu yake. Marekani, ambako kifaa kilitengenezwa, prizi ya matundu matatu yenye ardhi ni jambo la kawaida. Katika nyumba nyingi za kwetu prizi ina matundu mawili, au ina matatu lakini la tatu halijaunganishwa na kitu. Na hata ardhi ikiwepo, utakuwa umepitisha kituo kwenye kigeuzi cha 220 kwenda 110 ambacho mara nyingi hakipitishi mguu wa tatu. Ishara inakatika hapo.

Jaribio la haraka: washa treni, sogeza kiganja juu ya paa la kichwa bila kuligusa. Taa ikibadilika, ikaacha kupepesa au ikazidi, ishara ni dhaifu na mwili wako unaichezea. Dawa ni kuweka ardhi ya kweli. Mwite fundi umeme, si fundi wa redio, apime prizi na kupigilia kijiti cha shaba cha kama mita 1.5 kwenye udongo wenye unyevu, kisha alete waya mpaka kwenye prizi na kwenye mguu wa tatu wa kigeuzi. Kati ya Mei na Septemba udongo wetu mwekundu unakauka na kukataa umeme. Mwagia kijiti ndoo ya maji mara moja moja, utaona tofauti. Kamwe usiunganishe mguu wa ardhi na waya wa pili wa prizi ili "kuitafutia ardhi". Siku nyaya zikipishana, reli zote zitakuwa na volti 220.

Umeme ulikatika, uliporudi kichwa kikaruka kwa kasi na kuanguka mezani.

Kichwa cha Lionel cha mfumo wa CAB-1 kikipata umeme bila kusikia kituo, kinadhani kiko kwenye reli ya kawaida, na kwa volti 18 kinaondoka kwa kasi yote. Baada ya delestaji reli na kituo huamka pamoja, na reli hushinda mbio. Kila umeme ukikatika, chomoa reli. Ukirudi, washa kituo kwanza, subiri sekunde chache, halafu ndiyo reli.

Telekomandi ya redio ilianguka sakafuni na tangu hapo imenyamaza.

Shuku kristali, kile kikopo kidogo cha chuma chenye miguu miwili. Ndani kuna kipande chembamba cha kwatzi ambacho hupasuka kama sahani. Telekomandi ya megahezi 27.255 inataka kristali yenye namba hiyo hiyo. Angalia usinunue ya 26.800: hiyo ni ya upande wa kupokea, na tofauti ya 0.455 ni ya makusudi. Magari ya kuchezea ya zamani yenye namba 27.255 kwenye antena yanaweza kukupa kristali bila gharama kubwa, ilmradi ni ya kupelekea. Lehemu kwa haraka, sekunde 2 hadi 3 kwa mguu, chuma kikiwa nyuzi 320 hadi 350.

Kabla ya kristali, hata hivyo, angalia kiungo cha antena na bodi. Skrubu au lehemu ya pale hulegea kwa mshtuko uleule, na hiyo ni kazi ya dakika tano.

Seti yangu imetoka Marekani. Kigeuzi cha 220 kwenda 110 kinatosha?

Kinatosha, kwa masharti mawili. La kwanza ni ukubwa: chukua chenye wati mara mbili ya zilizoandikwa kwenye transfoma ya treni. La pili ni joto. Transfoma ya kule imetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Hapa unaipa 110 na mizunguko 50. Gawanya: 120 kwa 60 ni 2, 110 kwa 50 ni 2.2. Chuma chake kinabeba sumaku asilimia 10 zaidi, kwa hiyo itavuma na kupata moto kuliko ilivyozoea. Iguse baada ya dakika 20. Ukishindwa kuuacha mkono juu yake, ipumzishe.

Tena epuka vile vigeuzi vidogo vyepesi vilivyotengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele. Vinakata umeme vipande vipande badala ya kuushusha, na transfoma haivumilii hilo.

Transfoma ya zamani: nikizungusha kirungu treni inaruka kutoka kusimama hadi mbio.

Ndani kuna waya mwembamba uliozungushwa kwenye kipande cha seramiki, na ulimi wa shaba unaoteleza juu yake. Vumbi la kiangazi na grisi iliyoganda huufanya ulimi uruke. Chomoa ukutani, fungua, sugua njia ya ulimi kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha ukunje ulimi kidogo ili ukandamize. Ukikuta waya umekatika sehemu moja, unaweza kuuziba, lakini si kwa lehemu, maana joto la kazi litaiyeyusha. Banisha kwa kipande kidogo cha shaba.

Ukiona bamba za mraba zilizopangwa kama vitabu, hicho ni kirekebisha mkondo cha seleniamu. Kikiungua hutoa harufu mbaya ya kitu kilichooza, na moshi wake ni sumu: fungua madirisha, toka nje. Weka mahali pake daiodi nne za 1N5404 zilizopangwa daraja. Daiodi hizo hula volti 1.4 tu, pungufu kuliko seleniamu ya zamani, kwa hiyo treni itakwenda kasi kidogo kuliko unavyokumbuka.

Lakini kama ganda la waya wa ukutani linavunjika-vunjika mkononi kama biskuti, au sanduku la chuma halina ardhi, acha. Hatutengenezi upande wa volti 220 wa kifaa kitakachoshikwa na mtoto. Kichukue kama ukumbusho na ununue adapta.

Märklin yangu ya zamani haigeuki kurudi nyuma.

Kirungu kikisukumwa kushoto kupita sifuri, transfoma inatoa mshtuko wa volti 24 unaovuta relei, swichi ya sumaku, ndani ya kichwa. Pima wakati mtu mwingine anasukuma. Mshtuko ukiwepo, tatizo ni chemchemi ya relei: ikiwa ngumu haivutiki, ikiwa legevu kichwa kinajigeuza chenyewe katikati ya mbio. Irekebishe kwa kibano, nusu milimita kwa mara.

Usitumie transfoma za zamani za bluu za Märklin za volti 220 kwa vichwa vya kidijitali. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 240, ile 24 inakuwa zaidi ya 26, na ubongo wa kidijitali unaungua kwa mshtuko mmoja.

Inverta ya sola inaweza kuendesha transfoma?

Ile inayotoa wimbi laini, ndiyo. Ile ya bei ndogo yenye wimbi la ngazi itaivumisha na kuipasha moto. Adapta za kisasa za kuchomeka hazijali.

Nikiamua kununua telekomandi tu, bila kituo, nichague ipi?

Ileile. Hapa ndipo watu huumia. CAB-1 ya megahezi 27 huzungumza na kituo cha zamani. CAB-1L na CAB-2 ni za gigahezi 2.4 na haziwezi kuzungumza nacho; zinataka vituo vyao. LEGO vilevile: telekomandi ya Powered Up ni ya Bluetooth, haina habari na kipokezi cha mwanga cha Power Functions hata kama plastiki zinafanana. Kwa DCC, linalotazamwa ni lugha ya waya: multiMAUS huongea XpressNet, hivyo inakubali kituo chochote cha XpressNet, hata cha kampuni nyingine.

Epuka pia telekomandi za Marekani za megahezi 916. Ziko karibu mno na masafa ya simu za GSM 900.

Waya wa multiMAUS umekatika kwenye plagi. Naweza kuweka wa simu?

Unaweza, kama una nyaya 4 au 6 ndani na haujapinduliwa. Nyingi za simu zina 2 tu, au zimepinduliwa upande mmoja. Pima kwa multimita, mguu wa 1 wa huku ulie na mguu wa 1 wa kule. Katika zile nyaya 4, mbili ni za umeme wa kama volti 12, mbili ni za mazungumzo. Zikipishana unaweza kuua kifaa chote.

Nataka kuendesha H0 ya kawaida tena kwa pesa kidogo kabisa. Nifanyeje?

Unahitaji vitu vinne. Adapta ya volti 12, ampea 2, kama za vipokezi vya intaneti. Kidhibiti cha mwendo wa mota cha PWM, yaani kinachotoa umeme kwa mapigo ya haraka, kilichoandikwa volti 6 hadi 28, ampea 3. Swichi ya miguu 6 yenye nafasi ya kuzima katikati. Na balbu ya kiashirio cha gari, volti 12, wati 21.

Adapta inaingia kwenye kidhibiti. Chanya ya kutokea inapita kwenye balbu, kisha inafika kwenye mguu mmoja wa ncha ya juu ya swichi. Hasi inafika kwenye mguu wa pili wa ncha hiyohiyo. Kutoka hapo vuta nyaya mbili fupi zikipishana kama X hadi miguu miwili ya ncha ya chini. Miguu miwili ya katikati inakwenda kwenye reli. Swichi juu, treni mbele, chini, nyuma, katikati, imesimama.

Balbu ndiyo fyuzi yako. Treni ikienda kawaida haiwaki, au inafifia tu. Kichwa kikianguka na kugusanisha reli, balbu inawaka yote na mkondo unakomea kwenye ampea 1.75. Hakuna kinachoungua, na unaona kosa hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Hatujaona fyuzi ya kielektroniki inayofundisha vizuri hivyo.

Adapta ya kompyuta ya volti 19 usiitumie hapa. Na vichwa vya mota isiyo na kiini cha chuma, vile vidogo vya gharama, havipendi PWM za namna hii.

Simu inaweza kuwa telekomandi?

Ndiyo, na kwa anayeanza upya hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza. Mradi wa wazi wa DCC-EX unageuza Arduino Mega 2560, bodi ndogo ya kompyuta, kuwa kituo cha DCC. Juu yake unaweka bodi ya mota ya Motor Shield R3, na kipande cha Wi-Fi. Kwenye simu ya Android unaweka programu ya Engine Driver.

Kabla ya kubandika bodi mbili, geuza Motor Shield na ukate njia ndogo iliyoandikwa VIN CONNECT. Usipoikata, umeme wa reli utapanda hadi kwenye Arduino na kuiua. Wengi wanaouliza kwa nini bodi yao ilinuka dakika ya kwanza waliiruka hatua hii. Arduino ipewe umeme wake peke yake, volti 7 hadi 9.

Kwa reli tumia volti 15. Chipu ya L298 itakula kama 2 na zitabaki 13, zinazofaa H0. Adapta ya kompyuta ya volti 19 inafaa ukiipitisha kwenye kipunguza volti. Mpaka wa bodi ni ampea 2, yaani vichwa vitatu au vinne pamoja.

Kituo kinatengeneza Wi-Fi yake chenyewe, jina lake linaanza na DCCEX. Simu inaungana nayo kwenye 192.168.4.1, mlango 2560. Hakihitaji intaneti wala kifurushi. Simu ikilalamika kwamba mtandao hauna intaneti, iambie ibaki hapohapo, na uzime data ya simu, la sivyo itaruka.

Kila kichwa kinahitaji dekoda ndani, yaani bodi ndogo inayosoma amri za DCC. Rangi za waya ni za kanuni: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, kijivu na chungwa mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, bluu chanya ya taa. Kwenye vichwa vya zamani mguu mmoja wa mota umeshikana na chuma cha mwili. Utenganishe kwanza na upime: kati ya mota na mwili multimita isilie. Ukiruka hapo dekoda itadumu nusu sekunde.

Kichwa hakijibu kwenye simu.

Jaribu adresi 3, ndiyo ya kiwandani. Ikikataa, andika 8 kwenye CV8, yaani nafasi ya 8 ya mipangilio ya dekoda. Dekoda nyingi hurudi mwanzo kwa hilo. Lionel ni tofauti: telezesha swichi ya kichwa hadi PGM, bonyeza ENG, namba, kisha SET, halafu irudishe kwenye RUN.

Naweza kuacha transfoma ya zamani kwenye reli pamoja na kituo kipya?

Hapana, hata ikiwa kwenye sifuri.

Spea nitapata wapi hapa mjini?

Daiodi, kapasita, swichi, adapta na balbu za pikipiki haziko mbali: tembea kwa mafundi wa redio na simu wa soko la Kenya na soko la Mzee Kabila. Beba kipande kibovu mkononi, usitaje jina tu. Ukibadilisha kapasita, mikrofaradi ziwe zilezile, volti ziwe sawa au zaidi, na mstari mweupe uelekee hasi. Arduino na dekoda huagizwa nje. Dekoda ni nyepesi, mtu anayerudi na ndege anabeba kumi mfukoni. Transfoma nzito afadhali zipande lori hadi Kasumbalesa.

Kuna treni ndogo ya kipimo cha reli zetu?

Reli ya Katanga ina upana wa milimita 1,067. Ukiigawa kwa 87, kipimo cha H0, unapata 12.26. Kwa hiyo reli ya H0m ya milimita 12 ndiyo iliyo karibu zaidi, na umeme wake ni uleule wa volti 12, ingawa vichwa vya umeme vya hapa hunywa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu. Kila tulichosema kuhusu H0 kinafaa, ila mota za H0m ni ndogo: punguza balbu ya usalama kutoka wati 21 hadi 10.